Joto la Vyumbani Kuzikwa Ardhini: Kwa Nini Udongo wa Mombasa Hupimwa Kabla ya Kuchimbwa

Kila kaskazi inapokaza, kati ya Januari na Machi, mazungumzo ya barazani hapa Mombasa hurejea kwenye viyoyozi na bili za stima, na siku hizi hakosekani mtu wa kusema kwamba dawa iko chini ya miguu yetu: chimba shimo la mita 100, teremsha paipu, huko chini kuna baridi ya bure. Mwenzake humkatiza kwamba kilichoko chini ni moto, na ushahidi ni Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu 1981. Wa tatu, ambaye ana kisima cha nyanya yake uani, huuliza kama hicho hakitoshi. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini hakuna aliyegusa swali ambalo mhandisi huanza nalo: udongo wa kiwanja hiki, nikiupa joto mchana na usiku, utalisafirisha kwa kasi gani kabla haujashiba? Jibu la swali hilo hupatikana kwa kupima papo hapo kiwanjani, na makala haya yanaeleza kinachopimwa, namna kinavyopimwa, na kwa nini kwetu pwani kipimo hicho kina uzito kuliko huko zilikozoeleka pampu za joto za ardhini, yaani mashine zinazotupa joto la vyumbani ardhini.

Tuanze na mashine yenyewe. Friji ya jikoni haitengenezi baridi. Huchota joto lililomo ndani, kwenye maziwa na samaki, na kulitupa nje, ndiyo sababu mgongo wake au ubavu wake huwa wa moto ukiugusa. Kiyoyozi hufanya kazi iyo hiyo kwa chumba kizima, na joto lake hulitupa hewani kwa lile sanduku lenye feni lililotundikwa ukutani nje. Pampu ya joto ya ardhini ni ndugu yao wa tatu: joto la chumbani hulitupa ardhini, kwa maji yanayozunguka ndani ya paipu ya plastiki iliyoteremshwa shimoni na kupandishwa tena, mithili ya uzi uliokunjwa katikati. Maji hayo hayakutani kabisa na maji ya ardhini. Hushuka yakiwa na joto na kupanda yakiwa yamelipunguza. Katika nchi za baridi mashine hiyo hiyo hugeuzwa, ikachota joto la ardhini na kulileta nyumbani, na huko ndiko ilikopatia jina lake.

Kompresa yake hula stima kama kompresa nyingine yoyote. Kwa makadirio ya kawaida, mashine inayochota kilowati 4 za joto vyumbani hutumia kilowati 1 hivi ya umeme, na zote 5 huishia ardhini. Neno "bure" na lifutwe mapema. Olkaria nayo tuiweke kando, kwa kuwa kule huchimbwa visima vya kilomita moja hadi tatu katika Bonde la Ufa, ambako mawe ya moto yako karibu na uso wa dunia, ili kupata mvuke wenye joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi. Shimo la pampu ya joto mara nyingi huishia kati ya mita 50 na 150, na halitafuti mvuke wala maji. Linatafuta udongo na mawe ya kawaida, yawe mahali pa kutupia joto au pa kulichotea.

Je, chini kuna baridi? Ukiteka maji ya kisima adhuhuri ya Februari, ukajimwagia, utaapa kwamba yametoka kwenye friji. Yateke maji hayo hayo alfajiri ya Julai, kusi ikivuma, uone: yatakuwa na uvuguvugu. Maji hayakubadilika, kilichobadilika ni hewa iliyokuzunguka, ambayo adhuhuri ile ilikuwa nyuzi 32 na alfajiri hii ni 21. Ardhi ni kama mzee asiyekurupuka. Joto la mchana na usiku huiyumbisha sentimita chache za juu tu, na ndiyo sababu mchanga wa ufukweni hukuunguza unyayo saa sita mchana, lakini ukiuzamisha mguu mpaka kifundo unakuta ubaridi. Mabadiliko ya misimu hufika mita kadhaa. Kuanzia mita 10 au 15 kwenda chini, ardhi hubaki na joto lile lile mwaka mzima, linalokaribiana na wastani wa joto la hewa wa mwaka wa mahali hapo au kulizidi kidogo.

Hapo ndipo baridi ya bure inapoyeyuka. Wastani wa mwaka wa Stockholm ni nyuzi chache tu juu ya sufuri, kwa hiyo ardhi ya huko ni baridi kweli. Wastani wa Mombasa ni nyuzi 26 hivi, kwa hiyo ardhi yetu haina budi kuwa kati ya nyuzi 26 na 29. Wala kuchimba zaidi hakuleti nafuu, kwa maana kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyopanda, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Mita 100 zitakuongezea karibu nyuzi 3. Tofauti kati ya hewa ya mchana wa Machi na ardhi yetu ni ndogo, na mfumo mzima unasimama juu ya tofauti hiyo ndogo. Anayejenga juu ya msingi mwembamba ana haja kubwa zaidi ya kuujua msingi wake.

Kivuko na banda la kungojea

Ardhi ina sifa mbili za kupimwa mbali na joto lake la asili, na sifa hizo huchanganywa hata na mafundi hodari. Ya kwanza ni uwezo wa kupitisha joto, na ya pili ni uwezo wa kubeba joto. Anayevuka kwa feri pale Likoni asubuhi ataelewa upesi. Uwezo wa kupitisha ni kazi ya feri: ni watu wangapi wanavushwa kwa saa. Uwezo wa kubeba ni ukubwa wa banda la kungojea: ni watu wangapi wanaweza kusimama kabla ya msongamano kugeuka dhiki. Banda likiwa kubwa, feri ikichelewa kidogo hakuna atakayeona. Lakini banda hata liwe kubwa namna gani, feri zikiwa chache na watu wakimiminika kutwa kucha, siku itafika litakapofurika.

Uwezo wa kupitisha hupimwa hivi. Chukua bonge la udongo lenye unene wa mita 1, upande mmoja ukiwa na joto linalouzidi upande wa pili kwa nyuzi 1 tu, kisha uhesabu ni wati ngapi za joto zinazopita katika kila mita ya mraba. Hewa iliyotulia hupitisha wati 0.025, maji 0.6, shaba karibu 400. Udongo uko katikati, na hautulii mahali pamoja. Mchanga mkavu kabisa hupitisha karibu 0.3, ilhali mchanga ule ule ukilowa chepechepe unaweza kufika 2 na kuzidi. Uwezo wa kubeba haubadiliki kwa kiasi hicho: mita moja ya ujazo ya udongo huhitaji takribani megajuli 1.2 ikiwa kavu na 2.8 ikiwa imelowa ili joto lake lipande kwa nyuzi 1, na maji matupu huhitaji 4.2. Ukigawa sifa ya kwanza kwa ya pili unapata kasi ya kusambaa kwa joto, yaani habari za joto lililoingia hapa zitafika kule baada ya muda gani.

Kwa nini maji yanaleta tofauti kubwa namna hiyo? Jibu liko jikoni mwa bibi. Makaa yakifunikwa majivu usiku, asubuhi yanakutwa yangali hai, na muhogo uliovumbikwa majivuni huiva bila moto kukimbilia nje. Majivu ni punje ndogo zenye hewa katikati yake, na hewa ndiyo inayolizuia joto. Mchanga mkavu ni vivyo hivyo: punje hugusana kwa ncha tu, na nafasi zote zilizobaki zimejaa hewa. Maji yanapoingia huziba nafasi hizo na kuziunganisha punje, nayo hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa yaliyoifukuza humo. Kuna jambo jingine ambalo majedwali ya nje hayalitaji, kwa kuwa waandishi wake walikuwa na mchanga wao akilini. Mchanga wa sehemu nyingi za dunia ni punje za madini yaitwayo kwazi, na kwazi hupitisha joto vizuri mno, zaidi ya wati 7. Mchanga wetu mweupe uliotokana na matumbawe na makombe ni kalsiti, madini ya chokaa, ambayo hupitisha karibu nusu ya hapo. Wote wawili wanaitwa mchanga na ukubwa wa punje unaweza kufanana, ilhali tabia zao mbele ya joto ni mbili.

Ardhi ya Mombasa yenyewe haifanani kutoka mtaa hadi mtaa. Kisiwani na kandokando ya bahari, Nyali hadi Bamburi, tunakaa juu ya matumbawe ya kale, mawe yale yale yaliyochongwa Ngome ya Yesu mwishoni mwa karne ya 16 na yanayoendelea kukatwa matofali hadi leo. Nyuma ya ukanda huo kuna mchanga. Ukivuka kuelekea Changamwe na Miritini unakuta mwamba wa tope la kale lililogandamana, na ukifika Mazeras ni mawe ya mchanga. Hata jiwe la tumbawe lenyewe si moja. Kipande kimoja ni kizito kama marumaru, kingine kina matundu kama mkate wa kumimina, na chini kunaweza kuwa na pango, kama yanavyoonekana kule Shimoni. Kusema "ardhi ya Mombasa inapitisha wati kadhaa" ni sawa na kusema chakula cha Mombasa kina chumvi kadhaa.

Gharama ya kukisia

Hebu tupige hesabu, kwa wale wanaodhani haya ni mambo ya maabara. Tuchukue nyumba ya wageni inayotupa ardhini kilowati 5 za joto kwa wastani, mchana na usiku, kwa miaka 10. Ardhi ina nyuzi 28, nasi hatutaki maji ya kwenye paipu yazidi wastani wa nyuzi 35, kwa sababu yakizidi hapo kiyoyozi cha kawaida cha ukutani kitaanza kutucheka. Ardhi ikipitisha wati 2, nimekadiria kwamba tunahitaji mashimo yenye urefu wa jumla wa mita 410 hivi. Ikipitisha wati 1, tunahitaji karibu mita 710. Hapo ni mashimo manne ya mita 100 dhidi ya saba, na hesabu hii haijatia mashimo kupashana joto yakiwa karibu karibu, jambo ambalo huiongeza. Mkandarasi aliyenakili 2 kwenye kitabu wakati ardhi ni 1 hatagundua kosa lake mwaka wa kwanza. Mfumo utafanya kazi vizuri, mwenye nyumba atafurahi, kisha kila kaskazi maji yatazidi kupanda joto, hadi stima iliyookolewa mwanzoni iliwe yote na kompresa inayohangaika.

Jambo hilo la kupanda kidogo kidogo ndilo linalotutenga na wenzetu wa nchi za baridi, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote katika mada hii. Turudi Likoni. Wanaovuka asubuhi kuja kisiwani hurudi jioni, na banda la upande huu halibaki na watu. Uswidi nako ni hivyo: majira ya baridi mashine huchota joto ardhini, na katika kiangazi sehemu ya joto hilo hurudishwa. Kwetu hakuna jioni. Joto linakwenda upande mmoja Januari, linakwenda upande ule ule Julai, ingawa kwa uchache, na halirudi kamwe. Ardhi yetu inaweza kulipunguza kwa njia moja tu, kulisukuma mbali na shimo, na hiyo ndiyo kazi ya uwezo wa kupitisha. Hoteli ina nafuu kidogo, kwa kuwa joto lililotolewa vyumbani linaweza kupasha maji ya kuogea na ya dobi kabla ya kutupwa, na kila kilowati inayoishia bafuni ni kilowati ambayo ardhi haikubebeshwa. Nyumba ya kawaida yenye watu watano haina matumizi hayo.

Sindano, na shimo lenye hita

Sasa tupime. Njia ya kwanza ni sindano ya joto. Ni sindano ya chuma, nyembamba, yenye urefu wa sentimita 10 hivi, ambayo ndani yake mna waya wa kupasha moto na kipimajoto kidogo. Hudungwa kwenye udongo, ikaachwa itulie, kisha ikapashwa kwa umeme usiobadilika kwa dakika chache huku joto lake likiandikwa. Kanuni yake ni nyepesi: udongo unaopitisha joto vizuri hulichukua joto la sindano mara moja, kwa hiyo sindano haipandi sana; udongo mzito wa kupitisha huliacha joto liirudie sindano, nayo ikapanda kwa haraka. Ukiweka sindano ya pili milimita chache pembeni ukaona joto linaifikia lini na kwa kiasi gani, unapata pia uwezo wa kubeba. Wahandisi wa nyaya za umeme zinazozikwa barabarani wametumia vipimo vya namna hii kwa miaka mingi, kwani waya uliozikwa kwenye udongo usiopitisha joto huungua.

Sindano inafaa mahali paipu zitakapolazwa kwenye mtaro wa mita moja au mbili. Ina matatizo yake hapa kwetu. Haingii kwenye tumbawe gumu pasipo kutobolewa tundu, nalo tundu likiwa pana kuliko sindano, hewa huingia na kipimo hukwama. Tena husoma kile kilichoigusa tu, sentimita chache za udongo, ilhali kiwanja ni mita nyingi. Wako wanaochota udongo kwenye mfuko wa plastiki na kuupeleka maabara, wakadhani wamekwepa taabu ya kiwanjani. Udongo uliochotwa umekwisha kuvunjwa mshikamano wake na, usipofungwa barabara, umekwisha kukauka njiani; jibu litakalotoka ni la udongo wa mfukoni. Na kipimo kilichochukuliwa mwezi Mei, masika ikiwa imeulowesha udongo, kisichukuliwe kuwa ndicho cha Februari.

Mtaro una hatari nyingine ambayo haiwahusu sana walio katika nchi za baridi. Paipu inayotupa joto kwenye mchanga hukausha mchanga ulio karibu nayo, kwa sababu unyevu hulikimbia joto. Mchanga ukikauka hupitisha kidogo zaidi, paipu ikazidi kupata moto, na moto ukazidi kuukausha. Kwa hiyo mpimaji makini hapimi udongo kama alivyoukuta tu. Huupima pia ukiwa umekaushwa hatua kwa hatua, ili ajue chini ya unyevu gani mambo huharibika. Mimi binafsi nisingelaza paipu kwenye mtaro wa mchanga mkavu wa Mtwapa hata kama shimo refu lingekuwa ghali maradufu.

Kwa mashimo marefu kuna jaribio la mwitikio wa joto. Wazo lake lilitolewa na mhandisi wa Uswidi, Palne Mogensen, katika mkutano uliofanyika Stockholm mwaka 1983, na katikati ya miaka ya 1990 vilitengenezwa vifaa vya kubebeka kwenye trela, huko Luleå nchini Uswidi na katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma nchini Marekani. Hesabu iliyo nyuma yake ni ya zamani zaidi, nayo huhusishwa na mwanafizikia Lord Kelvin wa karne ya 19. Kwa ufupi, jaribio hili ni ile sindano iliyokuzwa ikawa na urefu wa mita 100.

Huchimbwa shimo moja la kweli, mahali pale pale mradi utakapokuwa, likatiwa paipu na kujazwa uji wa bentonaiti, yaani udongo maalumu unaovimba ukilowa. Kisha husubiriwa siku 3 hadi 5, ili joto lililoletwa na uchimbaji lipoe. Kwanza hupimwa joto la asili, ama kwa kuteremsha kipimajoto hatua kwa hatua ndani ya paipu iliyojaa maji, ama kwa kuyazungusha maji kwa dakika chache hita ikiwa imezimwa. Kosa la nyuzi 1 hapa, kwetu sisi wenye nyuzi 7 tu za kuchezea, ni sehemu ya saba ya mradi mzima. Ndipo hita inapowashwa. Shimo la mita 100 hupewa kilowati 5 hadi 8, tuseme birika tatu za umeme zikichemka bila kupumzika, na maji huzungushwa kwa saa zisizopungua 36, na bora 48, huku joto la maji yanayoingia na yanayotoka likiandikwa kila baada ya muda mfupi.

Joto la maji hupanda upesi saa za mwanzo, kisha hupanda polepole zaidi na zaidi. Saa chache za kwanza hutupwa, kwa sababu zinaeleza habari za paipu na uji wa bentonaiti. Baada ya hapo, kila muda unapozidishwa mara kumi joto hupanda kwa kiasi kile kile, na kiasi hicho ndicho hutoa jibu. Shimo likipewa wati 60 kwa kila mita, kati ya saa ya 5 na saa ya 50 maji yatapanda kwa nyuzi 5.5 ikiwa ardhi inapitisha wati 2, na kwa nyuzi 11 ikiwa inapitisha 1. Kwenye mchoro, mstari ulio tambarare ni habari njema. Mstari wenye mwinuko ni onyo. Jaribio hilo hilo hufichua ukinzani wa shimo lenyewe, yaani ugumu wa joto kutoka kwenye maji hadi kufika kwenye jiwe. Bentonaiti tupu hupitisha karibu 0.7, pungufu ya mawe mengi, na kwa hiyo ardhi nzuri inaweza kuwekewa mlango mwembamba na fundi asiyechanganya mchanga humo. Katika tumbawe lenye mapango tatizo huwa kubwa zaidi, kwani uji humiminwa ukapotelea pangoni, paipu ikabaki imezungukwa na tundu.

Hesabu hii yote inasimama juu ya sharti moja, kwamba umeme wa hita haubadiliki. Stima ikikatika saa ya 20, jaribio limekufa, na kuliwasha tena papo hapo ni kujidanganya, kwa maana ardhi tayari ina joto la nusu ya kwanza. Yabidi kungoja siku 10 au zaidi ipoe. Kwa hali tunayoijua sote, jenereta nzuri yenye umeme tulivu ni sehemu ya kipimo sawa na kipimajoto. Paipu zilizo juu ya ardhi nazo zifunikwe barabara, la sivyo jua letu litajiandikisha kwenye matokeo kama hita ya pili.

Bahari ndani ya kipimo

Kuna mgeni mmoja ambaye hesabu ya Kelvin haikumwalika, naye ni maji yanayotembea. Tumbawe lina matundu, na visima vingi vilivyo karibu na ufuo hupanda na kushuka pamoja na bahari, kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Maji yanayopita kando ya shimo huchukua joto na kuondoka nalo, na mtambo wa kupimia, usiojua habari za bahari, huandika kwamba jiwe linapitisha wati 4 au 5. Jiwe halina uwezo huo. Ni maji yanayobeba mizigo. Dalili yake inajulikana: kadiri jaribio linavyorefushwa, ndivyo jibu linavyozidi kuwa kubwa, badala ya kutulia.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni neema, na mara nyingine ni neema kweli. Lakini jaribio la saa 48 lililofanywa wakati wa bamvua, bahari ikipanda na kushuka zaidi ya mita 3, halitoi ahadi ya siku za maji mafu. Ningependa kuona tarehe ya mwezi mwandamo ikiandikwa kwenye kila ripoti ya kipimo cha pwani. Kuhusu kile kisima cha nyanya, kuyavuta maji yake na kuyapitisha kwenye mashine moja kwa moja kunawezekana kihandisi, ila maji ya visima vyetu mara nyingi yana chumvi inayokula chuma na chokaa inayoziba neli, na kuvuta kwa wingi huivuta bahari kuja upande wa nchi kavu. Uchimbaji wa kisima cha maji pia unahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Hata shimo lililofungwa lisilotoa maji sharti lizibwe vyema juu hadi chini, lisije likawa bomba la kuunganisha maji matamu ya juu na ya chumvi ya chini.

Je, kila mtu apime? La. Mwenye nyumba ya vyumba viwili atatumia fedha nyingi kwa jaribio kuliko atakazookoa, na kwa hakika kivuli cha mwembe, dari nzuri na dirisha linalopokea upepo vitamfaa kuliko shimo lolote. Kipimo ni cha hoteli, hospitali, jengo la ofisi, mahali ambapo kukosea kutoka mashimo manne hadi saba kunazidishwa mara kumi au ishirini. Hapo shimo la majaribio halipotei, kwa kuwa huwa shimo la kwanza la mfumo wenyewe. Na likitoa jibu baya, yaani ardhi ya nyuzi 29 inayopitisha wati 1 pasipo maji yanayotembea, mwenye mradi atakuwa amepoteza gharama ya shimo moja, na jibu la mkandarasi wake litakuwa kwamba hapo viyoyozi vya kawaida vinashinda.

Ripoti atakayoletewa haina haja ya kuwa ndefu. Iwe na joto la asili kwa kila kina, uwezo wa kupitisha, ukinzani wa shimo, mchoro wa joto kwa saa zote 48 pamoja na zile zilizotupwa, orodha ya tabaka za mawe zilizotobolewa, kina cha maji, na hali ya bahari siku hiyo. Ikiletwa yenye tarakimu moja tu, hata kama imepigwa muhuri, irudishwe.